Wifi, Dirisha Lilikuwa Limefungwa

Gurye,
24 Novemba 1996.

Mpendwa wifi Sunbok,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku chini ya Mlima Jiri. U hali gani, na wote hapo Seogwipo hawajambo? Shemeji Pansu kifua chake kimetulia? Kila baridi ikianza mume wangu, mdogo wako, humtaja, anasema kikohozi kile kinataka maji ya tangawizi na kukaa mbali na upepo wa bahari, na wewe unajua shemeji hatafanya hata kimoja. Na goti lako linaendeleaje? Nakuuliza kwa makusudi, na huko mbele utajua kwa nini.

Sisi tuko salama kiasi chetu. Mimba yangu imeingia mwezi wa sita na mtoto anapiga mateke kila nikikaa kula. Mdogo wako haonekani, wakulima wamemjazia karakana matrekta ya mkono waliyoyachosha wakati wa kuvuna. Bomi ameng'oka jino la mbele na anataka kila mgeni atie kidole aone pengo. Habari za dada yake Dasom nitakupa, ndizo zilizonishikisha kalamu.

Machenza yako yamefika. Asante. Nilikata kamba ya boksi nikapekua mpaka chini, nikidhani labda umeweka neno kwa mtoto. Yalikuwa machenza matupu. Nikalifunga tena boksi, liko barazani mpaka leo, na watoto wanalipita kwa mbali kama wanavyompita mbwa wa watu.

Nina hasira, wifi. Nilingoja zipoe ili nikuandikie barua ya adabu, hazikupoa, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo. Mengine ya humu uliyaona kwa macho yako, lakini nitayasema yote, nataka uyaone tena kwa macho yangu.

Nianze na paka. Dasom alimpata mwezi wa nane nyuma ya duka la ushirika ninapofanya kazi, ndani ya gunia tupu la mbolea, amelowa, sauti kubwa kuliko mwili. Watoto wakamwita Hobak, yaani boga, kwa rangi yake. Ulipokuja kwa sikukuu ya mavuno alikuwa keshatutawala. Alijificha nyuma ya mlango akarukia miguu ya kila aliyepita, kisha akakimbia amekunja mgongo kana kwamba yeye ndiye aliyeshambuliwa. Pilipili nilizoanika uani alizipiga teke huku na huku mpaka nikachoka kuzizoa. Mdogo wako, mtu ambaye kumchekesha ni kazi ya kijiji kizima, alikuwa akirudi kazini anavua soksi moja na kuikokota sakafuni makusudi ili afukuzwe. Uliona pia paka alivyoufumua uzi wa mfarishi uliokuwa unaushona, na ulimwona Dasom alivyokaa kutwa akifungua yale mafundo moja moja ili usikasirike.

Hukumpenda yule paka. Hukulificha hilo, na sikukulaumu. Mezani ulisema mbele ya wote, "Mama Dasom, paka na mimba havikai nyumba moja. Na tumbo hili ni la mvulana, nimeshaliona. Safari hii usicheze."

Nikakuambia nilimuuliza daktari, akasema ninawe mikono na nisiguse mchanga anakojisaidia, basi.

"Huyo daktari kazaa wangapi?" ukasema.

Mdogo wako akacheka, na mimi nikacheka, nikadhani yameishia hapo.

Unajua Jumapili zetu za msimu huu. Majani yakianza kuwa mekundu kule juu hakuna anayebaki ndani, labda awe mgonjwa au ana deni la kazi. Jumapili ile ya Oktoba niliviringisha wali kwenye mwani, ukanisaidia kukata. Ulikuwa mchangamfu. Ulimfunga Dasom skafu shingoni kwa mikono yako. Tulipokuwa tunavaa viatu ukashika goti ukasema, "Nendeni tu. Hili leo halitanipandisha hata ngazi. Nitabaki na huyo shetani wenu mwekundu."

Tukaenda. Ilikuwa siku nzuri, wifi, na hilo nalo linaniuma. Watu walijaa njiani. Wale wanaoshuka huwaambia wanaopanda, "Mmekaribia, mmekaribia," na Bomi aliamini kila mmoja wao, mpaka akakaa juu ya jiwe akatangaza kwamba watu wazima wote wa mlima huu ni waongo. Babaye akambeba. Dasom alitangulia na fimbo yake, akachagua majani mekundu yasiyotobolewa na wadudu, moja lako, akalilaza kati ya kurasa za kitabu lisikunjike.

Tuliporudi hakuna aliyeturukia mlangoni. Ulikuwa umekaa sebuleni unamenya vitunguu saumu. Ulisema bila kuinua uso, "Paka wenu katoroka. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Nani alilifungua asubuhi?"

Dasom ndiye aliyelifungua, kukung'uta blanketi. Alisimama na lile jani lako mkononi. "Nililifunga, Shangazi."

"Ungelifunga angetokea wapi? Nimemtafuta mpaka goti limevimba. Haya, yamepita, mtoto wangu. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Ukampa pipi.

Nataka uikumbuke pipi ile. Hakuila. Niliikuta wiki moja baadaye ndani ya kiatu chake cha mvua, bado imefungwa na karatasi yake.

Tangu hapo akaanza kutafuta. Alijaza mfuko dagaa wakavu akawa anapita chini ya mabaraza ya majirani anaita. Chakula alikuwa anakigeuza geuza tu kwenye bakuli. Mwalimu wake akaniuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Na wewe ulikuwepo, wifi. Ulikaa naye meza moja, ukamwona anavyosukuma wali, ukasema, "Mpe supu ya nyama, huyu anakua."

Siku ya kuondoka kwako tulikusindikiza kituo cha basi. Dasom akakuinamia kwa heshima, akakushika mkono. Nilikuwa karibu nikasikia kila neno. "Shangazi, nisamehe niliacha dirisha wazi. Umeumia goti kwa sababu yangu."

Ukampapasa kichwa ukasema, "Basi, basi."

Nilikuwa nalia kidogo siku ile kwa sababu unaondoka. Nikikumbuka nasikia aibu.

Jumapili ya kwanza ya Novemba tulikwenda Bonde la Piagol. Mimi sikutaka, tumbo lilikuwa limeanza kunielemea, lakini Dasom aliomba sana. Bomi alikuwa amemwambia kwamba Hobak lazima alitufuata mlimani akapotea njia, na Dasom, mtoto wa miaka tisa mwenye akili zake, akaamua kulishika hilo kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika. Kila kona alisimama akaita. Watu walipita na kamera zao wakitabasamu, wakidhani ni mchezo wa watoto.

Tulipokaa kula karibu na daraja, nikageuka kumpa maji, hayupo.

Sijui nikuelezeje muda ule. Babaye alipanda, mimi na Bomi tukashuka, na jina la mwanangu likawa linaitwa bondeni na watu nisiowajua. Jua lilishaanza kuondoka kwenye miti nilipomwona mdogo wako anatoka upande wa mto amembeba mgongoni. Dasom alikuwa amesikia sauti kama ya paka mdogo. Aliacha njia akashuka kwenye mawe yenye majani yaliyolowa, akateleza. Mfupa wa mkono wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiganja, na uso ulichanika pembeni ya jicho. Ni pembeni, wifi. Daktari alinionyesha kwa kidole jinsi ilivyokuwa karibu.

Ndani ya gari hakulia. Alisema, "Mama, nilimsikia kweli," akarudia mpaka tukafika.

Mdogo wako alikupigia simu kesho yake. Alikuambia Dasom ameanguka mlimani akimtafuta paka, mkono uko kwenye plasta. Nilisimama pale pale. Ulimuuliza kama mimi nimeshtuka, kama mtoto wa tumboni yuko salama. Mtoto wa tumboni. Kisha ukasema utatuma machenza.

Sasa nikuambie nilivyojua. Siku ya soko nilikwenda na Dasom kununua mwani. Tukapita kwa yule bibi anayekamua mafuta ya ufuta karibu na kituo cha basi, unamfahamu vizuri. Akaiona plasta, akamshika mtoto kidevu. "Nani kamvunja huyu?"

Nikamwambia alianguka akimtafuta paka wake.

Bibi akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake. "Paka gani? Yule mwekundu? Si yuko hapa kwangu, amelala kwenye magunia. Wifi yako alimleta mwenyewe, Jumapili ile mliyokwenda mlimani. Kamtia kwenye kikapu, kamfunika kitambaa. Alisema, Mama Dasom ana mimba, wamemchoka, nimtunze anilie panya. Nikampa na chupa ya mafuta ya kuwashukuru. Hamkuipata?"

Tuliipata. Ulinipa ukisema umeninunulia sokoni. Niliyapaka mafuta yake kwenye wali niliofunga siku ile ya Piagol. Nilikaa kwenye kigoda cha yule bibi.

Goti lako, wifi, liliweza kutoka kwetu mpaka sokoni na kurudi.

Dasom alikuwa ameshaingia ndani. Alimkuta paka, amekuwa mrefu, ananuka ufuta mwili mzima. Paka hakumkumbuka mara moja, alimnusa plasta kwanza, kisha akaanza kuing'ata kamba ya koti lake. Bibi akalalamika, "Na panya wangu je? Toka aje sijatobolewa gunia." Kisha akamtazama mtoto usoni, akaenda kutafuta kikapu. Nilimwahidi nitamtafutia paka mwingine na nitamtafutia, hata kama itabidi nilale nyuma ya duka la ushirika.

Ulidhani habari inaishia hapo? Mimi nilidhani. Paka amerudi, mtoto atakula, mfupa utaunga. Tukiwa njiani nikamwambia, "Unaona sasa, hukuacha dirisha wazi."

Akatembea kidogo. "Labda niliacha. Hata kama hakutokea hapo."

"Hukuacha."

"Shangazi alisema lilikuwa wazi. Shangazi hasemi uongo."

Hapo ndipo uliponifikisha, wifi. Tumewalea watoto hawa kuinama mbele ya wakubwa, kupokea vitu kwa mikono miwili, kutobisha. Wewe ndiye uliyewafundisha mengi ya hayo, na nilikushukuru. Sasa ilibidi nisimame barabarani nichague, nikulinde wewe au nimlinde mwanangu. Nikamwambia. Nilisema, "Shangazi yako alimpeleka paka mwenyewe, kisha akasema uongo, na dirisha lilikuwa limefungwa kama ulivyolifunga."

Tulitembea mpaka mlangoni. Pale mlangoni akasema, "Lakini nilimwomba msamaha, Mama."

Basi. Na bado kila akitoka chumba cha nyuma anarudi kulivuta lile dirisha kuona kama limefungwa. Nikimwambia limefungwa ananiitikia, halafu anarudi tena.

Mdogo wako nilimweleza jioni ile ile. Alikaa chini. Akasema, "Ni dada yangu. Mama alipokufa yeye ndiye aliyeacha shule akasuka nyavu viwandani ili mimi nisome. Nitamwambia nini?" Nikamwambia, "Sijui, lakini ukikaa kimya Dasom atajua kwamba hata baba yake anaona dirisha lilikuwa wazi." Akaenda karakana. Kwa siku kadhaa tulizungumza habari za chumvi na mafuta ya taa tu. Boksi lako lilipofika ndiye aliyelipokea. Alilisoma jina lako juu yake, akakaa nalo barazani, kisha akaingia jikoni akaniambia, "Andika. Andika yote, usipunguze. Mimi siwezi, lakini nataka ajue kwamba nimekuambia uandike."

Kwa hiyo usidhani ni maneno ya mke wa mdogo wako anayetafuta ugomvi.

Kuna jambo moja nalijua na sikuwahi kukuambia kwamba nalijua. Mtoto wako wa kwanza. Mdogo wako alinisimulia miaka mingi nyuma, kwamba ulimpoteza tumboni karibu na kujifungua, na kwamba mama mkwe wako alimlaumu paka wa shambani aliyekuwa analala miguuni pako. Nililifikiria hilo siku nyingi nikiwa na hasira hizi hizi. Ungekuja jikoni ukaniambia, "Jeongnim, ninaogopa, kwa sababu ya haya na haya," ningempeleka paka mwenyewe kwa yule bibi mpaka nijifungue, na Dasom angekwenda kumwona kila siku ya soko. Angenuna, angelia, angezoea. Hofu yako naielewa. Lile dirisha siwezi kulielewa. Hofu haikukutuma umtwike mtoto. Ulihitaji mtu wa kulaumiwa, ukatazama ndani ya nyumba, ukamchagua aliye mdogo na asiyebisha.

Na niseme na hili, kwa kuwa nimeshaanza. Huyu wa tumboni hatujui ni nani. Anaweza kuwa msichana wa tatu, na akiwa hivyo tutamkaribisha. Lakini hata angekuwa mvulana uliyemwona kwenye umbo la tumbo langu, kwa ajili ya mvulana ambaye hajazaliwa ulimvunja msichana aliyezaliwa. Anakuita Shangazi. Alikuletea jani.

Sikukatazi nyumba hii. Ni nyumba ya mdogo wako na mlango wake uko wazi kwako, mwaka mpya ukija tutakupikia. Lakini sitakubali ukae tena meza moja na Dasom halafu iwe kama hakuna kitu. Utamwambia kwanza. Sihitaji sababu, sihitaji machozi. Sema tu kwamba dirisha lilikuwa limefungwa, na kwamba wewe ulijua. Mimi nimemwambia kila namna, babaye amemwambia, yule bibi wa mafuta amemwambia. Anatusikiliza kwa adabu. Anayeweza kulifunga lile dirisha ni wewe peke yako.

Nisalimie shemeji Pansu, mwambie sina neno naye. Nisalimie kijana wako Giyeong na mkewe, na mama mkwe wako kama bado anamkumbuka mtu. Bomi anakusalimu na kuuliza kama kule kwenu meno yaliyong'oka yanatupwa juu ya paa kama huku. Nakuombea afya, wewe na nyumba yako, na msimu wa machenza uwe mwema. Naomba hayo kwa moyo mmoja, ingawa moyo wenyewe umechemka.

Nilikuwa nimefika hapa na nataka kutia jina, Dasom akaingia na paka begani. Akasimama nyuma yangu. Hawezi kuusoma mwandiko wangu nikiandika haraka, lakini jina lako alilisoma.

"Unamwandikia Shangazi?"

"Ndiyo."

"Umemwambia kwamba umekasirika?"

"Nimemwambia."

Akafikiri. Paka alikuwa analivuta pindo la plasta kwa meno, hakumzuia.

"Mwambie na mimi nimekasirika," akasema.

Wifi, mtoto huyu hajawahi kusema neno hilo juu ya mtu mzima. Nilimuuliza kama kweli anataka liandikwe. Akasema ndiyo. Halafu akasema simu hataki, uje mwenyewe, umwambie naye akikutazama. Akavuta kiti akakaa karibu yangu, na amekaa hapa mpaka sasa, anaangalia kama ninaandika alivyosema.

Nimeandika alivyosema.

Mimi wifi yako, ninayekupenda na ambaye bado nimekasirika,

Jeongnim